Maswali ya Wasomaji: Nani Huikagua Serikali Inaposema Iko Wazi?

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu mpango wa tano wa Kenya wa serikali wazi, ule wa 2023 hadi 2027, nikataja kwamba kila ahadi iliyomo hupimwa na watu wasioajiriwa na serikali. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kuliko nilivyozoea. Nimechagua tano. Kazi ya kukusanya ushahidi wa tathmini za namna hii nimeifanya kwa miaka sita, kwa hiyo baadhi ya majibu nimeyatoa kwenye sheria na baadhi nimeyatoa kwenye madaftari yangu ya safari.

Binti yangu, nimesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka 34 na sijaona mtoto akijisahihishia mtihani. Hao unaowaita watathmini huru ni kina nani, wanalipwa na nani, na je, serikali ikichukia alama inaweza kuwabadilishia? — Mwalimu mstaafu, Voi

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza swali ambalo ningetaka kila mtu aulize kabla ya kuamini ripoti yoyote.

Tuanzie mwanzo wake. Mwezi Septemba 2011 nchi nane, zikiwemo Afrika Kusini, Brazil, Indonesia, Uingereza na Marekani, zilianzisha ushirikiano wa serikali wazi unaojulikana kwa herufi zake, OGP. Kenya na Tanzania ziliingia mwaka huohuo. Sharti la kuingia ni kwamba serikali ikae na asasi za kiraia, waandike pamoja mpango wenye ahadi zinazopimika, halafu serikali itekeleze. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndiyo maana OGP ina kitengo cha pembeni ambacho kazi yake ni kutathmini tu. Kitengo hicho hutumia watafiti wasio watumishi wa serikali inayopimwa, na juu yao kuna jopo la wataalamu wa kimataifa linalokagua njia zilizotumika na ubora wa ripoti.

Fedha zinatoka kwenye mfuko wa OGP wenyewe, ambao hujazwa na wafadhili pamoja na michango ya nchi wanachama. Naam, nchi inayopimwa inaweza kuwa imechangia. Lakini haimlipi mtafiti mkononi, wala haimchagui. Rasimu ya ripoti hupelekwa kwa serikali na kwa asasi za kiraia kabla ya kuchapishwa, na kila upande huandika maoni yake. Hapo ndipo shinikizo linapokuja, sikufichi. Nimewahi kupigiwa simu saa nne za usiku na mtu akiniomba "nilegeze neno moja". Jibu langu lilikuwa lilelile kila mara: lete barua, lete tangazo, lete kiungo cha tovuti kinachofunguka, nami nitabadilisha sentensi asubuhi. Serikali ina haki ya kuleta ushahidi mpya, na mara mbili uliletwa nikabadilisha, kwa sababu kweli nilikuwa nimekosea.

Kinachonisumbua mimi si nani analipa. Kinachonisumbua ni kwamba alama mbaya haina bakora. Nchi ikichelewesha mpango au ikikiuka utaratibu inaweza kuandikiwa barua, kuwekwa chini ya uangalizi, na mwisho kuhesabiwa kuwa haishiriki tena. Lakini ahadi moja ikifeli, hakuna anayefutwa kazi. Kenya yenyewe ilikuwa na mpango wa kwanza wa 2012–2013, na wa pili ukaja 2016–2018. Hesabu mwenyewe, Mwalimu, lile pengo la katikati. Ripoti inapata nguvu pale mtu kama wewe anapoisoma, akaibeba hadi kwenye baraza la chifu, akauliza.

Shikamoo Mama. Nina miaka 24, naomba kaunti yangu usiitaje. Nimesoma ripoti iliyosema ahadi fulani "imekamilika". Mimi naishi hapa na sijaona kilichobadilika. Mtathmini ametudanganya, au mimi ndiye sielewi? — Kijana

Marahaba, mwanangu. Huenda hakudanganya, na wewe pia umeelewa vizuri. Swali lako ndilo moyo wa kazi hii yote, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Mtathmini hujiuliza mambo mawili, na watu wengi husoma la kwanza wakafunga ripoti. La kwanza: kilichoahidiwa kimefanywa? Majibu yake ni ngazi: hakijaanza, kimefanywa kidogo, kimefanywa kwa sehemu kubwa, kimekamilika. La pili: je, kufanywa kwake kumeifungua serikali? Yaani mwananchi leo anapata taarifa ambayo jana hakuipata, au anasikilizwa mahali ambapo jana hakusikilizwa? Majina ya madaraja yamebadilishwa zaidi ya mara moja, ila maana haijabadilika. Ahadi inaweza kupata alama zote kwenye swali la kwanza na isipate kitu kwenye la pili. Inaweza hata kukamilika huku hali ikizorota, na mtathmini ana daraja la kuandika hilo pia.

Nikupe mfano mkubwa wa Kenya. Mpango wa pili uliahidi daftari la umma la wamiliki halisi wa makampuni, yaani watu wenye damu na nyama walio nyuma ya jina la kampuni. Sababu ni rahisi kuielewa. Kampuni ikishinda zabuni ya kujenga barabara au kuleta dawa, jina lake kwenye karatasi halikuambii kwamba mwenyewe ni shemeji wa aliyeitoa zabuni. Mwaka 2020 kanuni zikatoka: kila kampuni iwasilishe kwa msajili majina ya wamiliki wake halisi, kuanzia anayeshika asilimia 10 ya hisa. Daftari likaanzishwa. Hiyo si kazi ndogo, na waliopigania wanastahili kushukuriwa. Lakini kanuni hizohizo hazikumpa mwananchi wa kawaida ruhusa ya kulifungua. Lilikuwa la vyombo vya serikali vinavyochunguza. Sasa wewe ukiwa mtathmini utaandika nini? Daftari lipo? Lipo. Wewe kijana, kwa kanuni hizo za 2020, ungeweza kujua nani mwenye kampuni iliyochimba kisima chenu kikakauka? Usingeweza. Neno moja tu, "la umma", ndilo lililobaki njiani, na neno hilo ndilo lililokuwa uzito wa ahadi nzima.

Ndiyo maana ninapofundisha vijana kusoma mipango hii, nawaambia waanze na vitenzi. "Kuimarisha", "kuhamasisha", "kuendeleza juhudi": kitenzi cha aina hiyo hakina mwisho, hakuna siku utasema kimefika. "Kuchapisha kila robo mwaka mikataba yote ya zaidi ya kiasi fulani": hicho kina tarehe, kina kitu, kina kipimo. Mtathmini mwenyewe huanza hapo, kwa kuuliza kama ahadi inaweza kuthibitishwa, kabla hata utekelezaji haujaanza.

Mfano mdogo ni wangu. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya umma iliripoti kwamba imefanya kikao cha kushirikisha umma, watu 140 wakahudhuria. Nilipewa karatasi za mahudhurio, majina na namba za simu, zimepigwa muhuri vizuri. Nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi hiyo nikapiga namba kumi, nikiruka majina kumi na nne kila mara nisije nikachagua ninaowataka. Nne hazikupatikana. Mtu mmoja alikuwa amehudhuria kweli, akanieleza hoja aliyoitoa, ya taa za sokoni. Watatu walisema walifika wakati chakula kinagawiwa. Wa tisa alikuwa kijana aliyeleta viti vya kukodi. Akaniambia, "Mama, tuliambiwa anayekunywa chai atie sahihi." Wa kumi alinikatia.

Sikuandika kwamba kikao hakikufanyika, kwa sababu kilifanyika. Niliandika nilichokikuta: namba kumi, nani alisema nini, na kwamba katika kumbukumbu za kikao hakuna hoja hata moja ya mwananchi iliyojibiwa. Taa za sokoni hazimo. Ofisi ilikasirika sana. Lakini kikao kilichofuata, kumbukumbu zake zilikuwa na safu mpya upande wa kulia: hoja, aliyeitoa, jibu la ofisi. Safu hiyo nimeihifadhi nakala yake mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, rudi kwenye ile ripoti ufungue sehemu ya pili. Kama imesema hakuna kilichobadilika, basi mtathmini yuko upande wako. Kama imesema kuna mabadiliko makubwa na wewe huyaoni, andika. Mtathmini mzuri anapokea ushahidi wa mtu anayeishi mahali penyewe kwa mikono miwili. Piga picha ubao wa matangazo wa zahanati ulio mtupu, weka tarehe, tuma.

Mimi ni afisa wa takwimu katika serikali ya kaunti. Nyinyi watathmini mnakuja siku mbili, mnaandika "data ni ya zamani", mnaondoka. Hamjui tunafanya kazi na kompyuta moja na mtandao wa kulipia mfukoni. Ni haki hiyo? — Afisa aliyechoka

Si haki kama iliandikwa hivyo bila sababu. Ripoti inayosema "data ni ya zamani" na isiseme kwa nini ni nusu ya ripoti. Kaka yangu (au dada, hukusema), hebu nikumbushe jambo ambalo huenda wewe ulikuwa shuleni lilipotokea.

Tarehe 8 Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya Kenya. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika kufanya hivyo, na Dkt Bitange Ndemo, katibu wa wizara ya habari na mawasiliano wakati huo, aliisukuma kwa nguvu zake zote. Mtu aliweza kufungua takwimu za sensa ya 2009, matumizi ya fedha, shule, vituo vya afya, akazipakua kama jedwali badala ya kitabu cha kurasa mia tatu. Nilifurahi mpaka nikampigia mama yangu. Halafu miezi ikapita na majedwali mengi yakabaki yalivyowekwa siku ile ya kwanza. Mashine ilikuwepo. Kilichokosekana ni mkono wa kuijaza. Idara nyingi ziliona data ni mali yao, na afisa wa chini alikuwa na sheria ya siri za serikali kichwani kuliko sheria yoyote ya kumlinda akitoa taarifa. Katiba ya 2010 ilishatoa haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35, lakini sheria ya kuitekeleza ilipitishwa 2016. Kwa miaka mitano tovuti ilisimama bila amri ya kisheria inayomwambia karani: hii ni kazi yako, ifanye, hakuna atakayekushtaki.

Nakueleza haya ili ujue kwamba tunajua. Tathmini yenye maana humtofautisha afisa asiyetaka na afisa asiye na chombo. Lakini hatuwezi kuandika usichotuonyesha. Kwa hiyo, ombi langu kwako: tunza jalada kuanzia siku ahadi inapoandikwa, usingoje mtafiti abishe hodi. Barua uliyoomba kompyuta, iweke. Jibu la "bajeti hairuhusu", liweke. Tarehe uliyotuma data na tarehe iliyowekwa mtandaoni, ziandike. Ukinikabidhi jalada hilo, ripoti yangu itasema kwamba data ilitoka kwako Machi ikakaa juu ya meza ya mkubwa hadi Septemba, na lawama itakaa inapostahili.

Na tafadhali, usitoe jedwali kama picha ya karatasi iliyopigwa skani. Najua ndivyo wakubwa wanavyopenda kwa sababu ina sahihi na muhuri. Toa zote mbili: yenye muhuri kwa wakubwa, na faili lenyewe la hesabu kwa wananchi. Nimepoteza usiku mwingi nikinakili tarakimu kwa mkono kutoka kurasa zilizoskaniwa kichwa chini.

Asalaam aleikum dada yangu. Huku kwetu Tanzania tulikuwa kwenye mpango huo kisha tukatoka. Je, ndiyo basi hakuna wa kutupimia uwazi? — Mama mfanyabiashara, Tanga

Waaleikum salaam. Ni kweli, Tanzania ilijitoa OGP mwaka 2017, na mimi niliumia, kwa sababu ninyi mlikuwa mbele yetu kwa mengi. Mei 2015 mkutano wa OGP wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam, na Septemba mwaka huohuo ukaja mkutano wa data huria wa Afrika, Dar hapohapo. Mwaka 2016, OGP ilipochagua maeneo 15 duniani ya kujaribu mpango huu ngazi ya chini, Kigoma Ujiji ilikuwemo, pamoja na Elgeyo Marakwet ya huku kwetu.

Na ahadi iliyotolewa mbele ya watu ina uzito wake. Rais Kikwete alisema kwenye mkutano wa OGP jijini London mwaka 2013 kwamba Tanzania itatunga sheria ya kupata taarifa. Ikaingia kwenye mpango wa pili, na sheria ikapitishwa 2016. Ninyi mmetoka OGP lakini sheria haikutoka. Inawapa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu.

Wapimaji wengine wapo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imewekwa na Katiba yenyewe, ibara ya 143. Tanzania pia ni mwanachama wa EITI, mpango wa uwazi katika madini, mafuta na gesi, tangu 2009, nao una ukaguzi wake huru. Kuna pia uchunguzi wa kimataifa wa bajeti wazi, unaoangalia nyaraka nane za bajeti na kuuliza: imechapishwa? imechapishwa kwa wakati? Ukitaka kuanza na moja, dada yangu, anza na ya Mkaguzi Mkuu. Tafuta halmashauri yako humo ndani. Usisome yote, soma kurasa zako.

Jambo moja nisiloweza kulipita. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 kipengele hicho kikaondolewa. Tathmini huru haiwezi kuishi mahali ambapo mtu akihesabu visima akapata idadi tofauti na ya wizara anaogopa kusema. Kuondolewa kwake lilikuwa jambo kubwa, na ningependa wafanyabiashara, walimu na wakulima walijue kama wanavyolijua wanasheria.

Naweza kuomba taarifa kwa Kiswahili? Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nianzeje? — Fundi seremala, Malindi

Unaweza, na huombi hisani. Sheria ya Kenya ya kupata habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, afisa anapaswa kumsaidia ombi lake liandikwe. Kupeleka ombi ni bure, ingawa unaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ukiwa umebisha ofisi isiyo na taarifa hiyo, wao ndio wanapaswa kulihamishia ombi lako kwenye ofisi inayohusika, ndani ya siku tano. Zikipita siku 21 kimya, sheria inahesabu umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman. Huhitaji kueleza sababu ya kutaka taarifa. Wakikuuliza "ya nini?", jibu kwa adabu kwamba sheria haikutaki useme.

Usiandike "naomba taarifa zote kuhusu soko". Utajibiwa kwa kurasa mbili za historia ya soko. Andika hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016, naomba nakala ya: (1) mkataba wa ukarabati wa paa la soko letu, (2) jina la kampuni iliyopewa kazi na kiasi ilicholipwa mpaka leo, (3) hati ya kukabidhi kazi, ikiwa ipo. Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21."

Weka jina, tarehe na simu yako. Chapisha nakala mbili. Ya kwanza waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo siku 21 zako hutaweza kuzithibitisha. Ukijibiwa, au usipojibiwa, niandikie nijue, pamoja na picha ya muhuri.